Habu za Faduma: Kutoka Garissa hadi Eldas Mwaka wa Mafuriko

Tangu nirudi, kila anayeingia kwangu hapa Waberi huniuliza jambo lile lile, na nyinyi wa Malindi mmeniuliza kwa simu mpaka sarafu zikawaishia kibandani: ilikuwaje mwanamke akaendesha gari mpaka Eldas, mwaka ule wa mvua isiyokwisha, na malori makubwa yamezama njiani? Nimekuwa nikijibu nusunusu. Leo nimekaa, nitaeleza yote, isipokuwa habari za ruhusa ya kazini na hati za barabarani, ambazo zilinichosha mimi na hazina haja ya kuwachosha nyinyi.

Mnajua mume wangu, Abdirashid, anafundisha shule ya Eldas, nami ni muuguzi katika zahanati moja hapa Garissa. Mvua ilipojaza nchi ile kavu maji, malaria iliingia nyumba kwa nyumba. Ujumbe ulinifikia kwa redio koli, ukiwa umepitia vinywa vya watu kadhaa: mwalimu analala tu, hazungumzi, dawa zimekwisha. Basi.

Gari lilikuwa pikapu ya Bishar, binamu yake Abdirashid, ambaye naye alikuwa kitandani akitetemeka kwa homa. Madereva niliowaomba walitazama mawingu wakakumbuka kwamba wana shughuli. Mimi nilifundishwa kuendesha na marehemu baba, kwenye lori la chumvi kule Gongoni, kwa hiyo nikasema nitakwenda mwenyewe. Nikapakia kwinini, chupa za maji ya mishipa na sindano katika sanduku la bati, nikaliweka ndani, kati ya viti, nisije nikaliacha nyuma likaloa.

Mwenzangu wa safari alikuwa baba mkwe, Mzee Nuur, aliyekuwa Garissa kutazamwa macho. Ngamia aliye mbali anamwona kabla yangu. Kitu kilicho mbele ya pua yake hakioni. Mimi humwita Aabo, yaani baba, naye huniita Aabo vilevile, maana kwa Wasomali mzazi humwita mtoto kwa jina analoitwa yeye. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilikuwa nikigeuka nyuma kutafuta huyo baba anayeitwa.

Ilikuwa Ramadhani. Mimi nilichukua ruhusa ya msafiri, nikala. Yeye alikataa katakata.

Garissa mpaka Dadaab

Tuliondoka nyuma ya msafara wa malori ya chakula cha wakimbizi, wenye askari mbele na nyuma. Mchanga mwekundu niliouzoea ulikuwa umegeuka uji. Malori yalichimba mitaro mirefu, na mimi na kapikapu kangu tukawa tunateleza kutoka mtaro mmoja kuingia mwingine. Mikono ilinikauka kwenye usukani. Kila lori la mbele lilipopunguza mwendo nilitambaa nyuma yake, nikijua nikisimama sitaondoka.

Lazima nieleze kidogo mambo ya gari, la sivyo hamtaelewa yaliyofuata. Gari la fowili halisukumwi na magurudumu manne wakati wote. Ya mbele huzunguka bure kama ya mkokoteni, mpaka kile kifaa cha chuma kilicho katikati ya gurudumu, wanachokiita habu, kilishike gurudumu na mtaimbo unaotoka kwenye injini. Kwenye gari la Bishar habu zilikuwa otomatiki. Unavuta gia ndogo, unakanyaga mafuta, zinajifunga zenyewe. Ndivyo alivyoniambia Bishar, na kwenye lami ya Garissa sikuwa na sababu ya kubisha.

Katika bonde moja lililojaa tope nikavuta ile gia. Habu zikashika, gari likapanda kidogo, kisha mbele kukalia krrrak! kama mtu anayevunja mifupa ya mbuzi. Magurudumu ya mbele yakaacha kusukuma. Nikarudi nyuma nipate kasi ya kwenda mbele tena, na hapo ndipo nilipoharibu zaidi, maana habu za namna ile hujifungua ukirudi nyuma. Nikawa nazifungua mwenyewe kila mara bila kujua. Tukazama mpaka kwenye ekseli. Msafara ukatuacha. Nilitazama taa za lori la mwisho zikipotelea vichakani, na kwa muda hapakuwa na sauti ila ya mvua juu ya bati.

"Aabo," akasema Mzee Nuur, "gari yako inasema nini?"

"Inasema imechoka."

"Hapana. Inasema *toka*. Hii mahali si nzuri."

Alikuwa akiwaza shifta, majambazi wa njia ile, na mimi nilikuwa nikiwaza hao hao. Tulikaa hivyo mpaka akatokea dereva wa boza la maji, Mkamba mmoja mnene aliyekuwa ameachwa na msafara kama sisi. Alifunga mnyororo, akatuvuta, akainama kutazama gurudumu la mbele huku maji ya mvua yakimtiririka shingoni.

"Mama, hizi otomatiki zako zimekufa," akaniambia. "Ukifika Dadaab tafuta za mkono. Bila hivyo usipite hapo mbele. Hapo mbele ndiko kubaya."

Nikamwuliza hapa tulipo pakoje, kama si pabaya. Akacheka tu akapanda boza lake.

Dadaab

Fundi tuliyempata aliitwa Salat, kijana aliyejifunza kazi Eastleigh, aliyekuwa akifanyia kazi kwenye kivuli cha kontena kuukuu kando ya soko. Alifungua habu moja. Ndani mlikuwa na grisi nyeusi iliyochanganyika na mchanga, na meno ya chuma yaliyolika yakawa mviringo kama ya mzee.

"Sista, hii imekwisha. Hata ukiosha, imekwisha. Tunatoa otomatiki, tunaweka za mkono. Kabla ya matope unashuka, unazungusha hiki kidude kwa mkono, kinafunga. Ukifika pakavu unashuka tena, unafungua. Hakuna kujifunga, hakuna kujifungua. Ni wewe na mkono wako."

"Umeshawahi kubadilisha?"

"Mara moja. Gari aina hii hii."

"Na likafika lilikokuwa likienda?"

Salat akafikiri. "Sijui. Mwenyewe hajarudi kulalamika."

Hizo habu za mkono sasa ndizo zilizokuwa kazi. Dadaab nzima palikuwa na gari moja tu la aina yetu lenye habu hizo, akasema Salat, na mwenyewe hauzi hata msumari. Watu wameomba mpaka wamechoka. Ni mama mmoja mkimbizi, Faduma.

Tulilikuta gari kabla ya kumkuta yeye. Lilisimama juu ya mawe mbele ya kibanda chake cha miti na turubai, limeoshwa, vioo vinang'aa, na shati la mtoto limeanikwa kwenye kioo cha pembeni. Hakuna gari jingine safi nililoliona siku ile. Salat aliniambia kwamba kila Ijumaa Faduma huyazungusha magurudumu kwa mkono yasije yakaganda.

Akatoka, mwanamke mrefu, mkono mmoja una unga. Mzee Nuur akaanza kuzungumza naye kwa Kisomali. Wakazungumza. Wakaendelea. Mimi nimesimama matopeni, namwona mume wangu amelala juu ya mkeka bila kauli.

"Anasemaje, Aabo?"

"Anasema babu yake alinunua ngamia kwa ndugu ya babu yangu."

"Na habu?"

"Bado hatujafika huko."

Walipofika huko nilijua kwa uso wa Faduma, ulivyojifunga kama dirisha. Akatikisa kichwa. Kisha akanigeukia mimi, na kumbe Kiswahili anakijua, kile cha Kismayu.

"Wewe ndiye mke wa mgonjwa?"

"Ndimi."

"Hii gari ilinitoa Kismayu na wanangu. Mume wangu aliendesha siku zote zile bila kulala. Alipotufikisha hapa akarudi kumchukua mama yake, akapanda lori la watu. Akaniambia, usiuze kitu, nikirudi tutaingia ndani twende nyumbani." Akaniangalia. "Nikitoa chuma leo, kesho nitatoa kingine. Naijua hiyo njia."

Niliona aibu hata kusimama pale. Nikamwambia anisamehe, nikaanza kwenda, na machozi niliyoyazuia tangu Garissa yakanitoka mbele za watu wa soko. Nilikuwa nimeshafika kwenye kontena la Salat niliposikia ananiita. Alikuwa amenifuata na unga wake mkononi.

"Ukizitoa, pale panabaki shimo," akasema. "Vumbi litaingia. Nipe za kwako."

"Za kwangu ni mbovu, dada. Zimelika."

"Najua ni mbovu. Gari yangu haiendi leo."

Ndivyo ilivyokuwa. Salat alihangaika na magari mawili kwa pamoja, akichomoa huku na kuvalisha kule, na Faduma akasimama karibu naye muda wote akishika boliti katika pindo la shashi yake ya kichwani, asije akazipoteza. Zetu zilipokwishafungwa kwenye gari lake alizipangusa kwa kitambaa. Kwangu kukatokea tatizo: zile otomatiki zina nati yake ya kukazia beringi, na za mkono zina nati nyingine, na nati ya gari la Faduma upande wa kushoto ilikuwa na kutu. Salat akaikaza kwa patasi na nyundo, anasikiliza, anazungusha gurudumu, anasikiliza tena.

"Iko sawa?" nikamwuliza.

"Nadhani."

"Nadhani?"

"Ukienda kidogo, simama, gusa pale katikati. Ikikuunguza, nimekaza sana. Gurudumu likicheza, nimelegeza. Likitoka..." Hakumaliza.

Tulilala kwa jamaa zake Mzee Nuur. Asubuhi tukaondoka peke yetu, maana msafara wa kwenda juu ulikuwa haujulikani utakwenda lini. Faduma alitupa tende za kufuturia zilizofungwa ndani ya karatasi, akazipitisha dirishani kwa Mzee, si kwangu. Gari lake sikuthubutu kulitazama.

Dadaab mpaka Habaswein

Nilisimama mara nyingi kugusa magurudumu hata Mzee Nuur akaniuliza kama nayapima homa. Kwa kweli nilikuwa nikifanya hivyo hivyo, kwa mgongo wa mkono, kama ninavyogusa paji la mtoto. La kushoto lilikuwa na joto kidogo. Nikajiambia ni jua, na jua lenyewe halikuwapo.

Barabara tuliikuta kwa vipande. Pale ilipotoweka Mzee alinyoosha fimbo akaniambia nielekee mti fulani, mimi siuoni mti wala kivuli chake, tunakwenda, kisha mti unatokea. Hatukukutana na gari. Tulipita lori lililoachwa katikati ya maji na mlango wake wazi.

Alasiri tukafika kwenye laga. Laga kwa kawaida ni mto mkavu, mchanga mtupu ambao watoto huchezea. Siku ile ulikuwa na maji ya kahawia yanayokwenda taratibu. Mzee akashuka, akapandisha kikoi, akaingia na fimbo yake akipima mpaka ng'ambo, akarudi. Maji ya mapaja, akasema, chini mchanga mgumu. Mimi nikashuka upande wangu wa kulia, nikazungusha habu mpaka mwisho, nikarudi kwenye usukani. Yeye alikuwa amesimama upande wa kushoto kando ya gurudumu, anakamua kikoi.

Nikapaza sauti juu ya mngurumo wa injini: "Aabo, umefunga?"

"Nimefunga, Alhamdulillahi!"

Akapanda. Tukaingia.

Tulikwenda vizuri mpaka katikati. Hapo gari likalegea, likayumba, nyuma ikaanza kuchimba. Nikakanyaga mafuta, likachimba zaidi. Nikachungulia dirishani: gurudumu langu la mbele limesimama kimya ndani ya maji kama jiwe. Nikaona kila kitu kwa mara moja. Habu za Faduma nazo zimekufa, nimemvunjia gari lake bure, Salat na "nadhani" yake, sanduku la dawa, Abdirashid.

"Mfua imenyesha huko juu," Mzee akasema polepole, kwa ile v yake inayotoka f.

Nikatazama anakotazama. Maji yalianza kuleta vijiti na povu. Yalikuwa yamefika kwenye mlango, na sasa yalikuwa yakiingia chini ya mlango, yananilowesha miguu. Nikanyanyua sanduku nikaliweka mapajani mwake.

"Aabo, ile ya upande wako uliizungusha mpaka mwisho?"

"Kuzungusha nini?"

"Habu! Si nimekuuliza kama umefunga, ukasema umefunga?"

Alinitazama kama mtu anayetukanwa. "Mimi nimefunga *saumu*. Wewe umeniuliza saumu. Nikasema huyu mtoto anataka kujua kama mimi nafunga fizuri, nikashukuru Mungu."

Sikucheka. Kucheka kulikuja baadaye, na nilipocheka sikuweza kunyamaza. Wakati ule nilichojua ni kwamba habu moja ikiachwa wazi nguvu yote ya mbele hupotelea huko, na kwamba injini ikizima, maji yataingia kwenye bomba la moshi na gari halitawaka tena. Nikatoa gia, nikamwambia asiache injini izime. Yeye hajawahi kushika gari maishani mwake. Akalikumbatia sanduku kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akanyoosha fimbo yake mpaka kwenye kidude cha mafuta, akakibonyeza. Injini ikanguruma.

"Hifi?"

"Hivyo hivyo, Aabo! Usiache!"

Nikatoka dirishani. Maji yalinifika kiunoni na yalikuwa na nguvu kuliko yalivyoonekana. Nikalishika bampa, nikazunguka mbele ya gari nimejibanza, mpaka kwenye gurudumu la kushoto. Nikapiga magoti. Maji yakaja kidevuni. Nikapapasa: raba, chuma, boliti, kisha kile kidude cha kuzungusha. Kwenye uso wake kuna maneno mawili ya Kizungu, la kuachia na la kufunga, lakini pale hapakuwa na cha kusoma. Nikakizungusha, kikateleza. Mchanga ulikuwa umeingia. Nikajaribu kwa upindo wa leso, kikaenda nusu, kikakataa. Kucha mbili zikang'oka, sikusikia maumivu.

"Koleo!" nikapiga kelele. "Chini ya kiti!"

Nilisikia injini ikififia, nikadhani ndiyo mwisho, kumbe alikuwa amehamisha fimbo kwenye mkono wenye sanduku ili apapase chini ya kiti. Akanitolea koleo dirishani. Nikalibana lile dude, nikasukuma kwa uzito wangu wote, uso wangu ukazama, na chini ya maji nikasikia kwenye vidole, si masikioni, kitu kikiingia mahali pake. Tak.

Sijui nilirudi vipi kwenye usukani. Nilitia gia ndogo, nikakanyaga taratibu kama baba alivyonifundisha kwenye matope ya chumvi, na magurudumu yote manne yakashika kwa pamoja. Gari lilitoka kwenye laga ile kama ng'ombe anayetoka kisimani, linajivuta, linasita, linajivuta. Tulipokuwa juu kabisa penye ardhi ngumu nikazima injini nikaweka kichwa kwenye usukani. Nyuma yetu maji yalikuwa yamefunika mahali tuliposimama.

Mzee Nuur alilifuta sanduku kwa pindo la kikoi. Kisha akasema, "Aabo, wewe ni muuguzi. Maji yaliniruka mdomoni. Mengine nadhani yamekwenda tumboni. Saumu yangu imefunjika?"

"Uliyameza kwa kutaka?"

"Hapana, wallahi."

"Basi haikuvunjika."

Hapo ndipo nilipoanza kucheka, na yeye akacheka, na tukakubaliana kwamba kuanzia leo habu haifungwi, habu inakazwa. Kufunga ni kwa saumu peke yake.

Habaswein mpaka Wajir

Habaswein tuliingia wakati wa kufuturu. Maji ya kinamasi cha Lorian yalikuwa yamesogea karibu na mji kuliko watu walivyowahi kuyaona. Mwenye hoteli alitukaribisha bila kutuuliza tumetoka wapi; matope yetu yalitosha. Tulikula tende za Faduma, sambusa za nyama ya mbuzi zenye pilipili nyingi, anjera, na chai ya maziwa ya ngamia ambayo hunukia moshi. Nilikula kana kwamba mimi ndiye niliyefunga.

Mwenye hoteli aliposikia tunakwenda Eldas alishusha sauti, akamwambia Mzee maneno kwa Kisomali. Mzee akaacha kutafuna.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema barabara ni mbaya."

Kisomali changu ni cha sokoni na cha zahanati. Lakini mtu anayefanya kazi kwenye zahanati hujifunza mapema neno la kaburi, na nililisikia mara mbili. Usingizi haukunijia.

Kesho yake, njiani kwenda Wajir, nilishuka kugusa gurudumu la kushoto nikaondoa mkono kwa haraka. Lilikuwa linaunguza. Grisi ilikuwa imeyeyuka inatiririka kwenye rimu. Salat alikuwa amekaza sana. Huku ardhi ilikuwa nyeupe ya chokaa na ngumu kidogo, nikaweza kupiga jeki. Nilifungua boliti moja moja nikizipanga juu ya leso, nikaondoa habu ya Faduma, nikaiona ile nati yenye kutu. Sikuwa nimewahi kugusa kitu kama kile. Nilijaribu kukumbuka mikono ya Salat ilivyokwenda. Nikaweka bisibisi kwenye ukingo wa nati nikagonga kwa jiwe, kinyume na alivyogonga yeye. Ikasogea kidogo. Nikaogopa kuisogeza zaidi, nikaogopa pia kuiacha hapo. Nikazungusha gurudumu, nikalitikisa. Nikarudisha kila kitu.

Mzee alikuwa amekaa kando kwenye jiwe ananitazama.

"Jana alisema kaburi," nikamwambia, nimempa mgongo. "Nilisikia."

Akachora ardhini kwa fimbo. "Alisema Eldas wanazika watu. Hakusema jina."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kama ni yeye, tutafika tujue. Kama si yeye, utalia njia nzima kwa sababu ya mtu mwingine, na wewe ndiye unashika gari." Akaniangalia, na nikaona kwamba macho yale mabovu yalikuwa mekundu. "Mimi nimelia jana wakati wewe umelala."

Sikumwambia kwamba sikuwa nimelala. Nikashusha jeki, tukapanda. Niliposimama kugusa tena, gurudumu lilikuwa vuguvugu tu.

Wajir mpaka Eldas

Wajir tulitia mafuta tukapita. Watu walituambia tungoje, tungoje lori, tungoje askari, tungoje maji yapungue. Nilikuwa nimeshachoka kusikia neno hilo.

Kipande hiki cha mwisho sitakieleza sana. Kulikuwa na mizoga ya mbuzi kando ya njia, mingine imevimba, na harufu iliingia ndani hata tukifunga vioo. Kulikuwa na majani mabichi kila mahali, nchi nzuri kupita kiasi, na hakuna mfugo wa kuyala. Tulikuwa tukishuka kukaza, tukishuka kufungua, mimi kulia yeye kushoto, na kila mara anapiga kelele "Nimekaza!" kabla sijauliza. Hatukukwama tena.

Tulipoona mapaa ya Eldas, Mzee, ambaye huona mbali, alishika dashibodi.

"Watu ni wengi," akasema.

"Wapi?"

"Kwake. Mlangoni kwake. Wamekaa chini."

Mnajua watu wengi wakikaa chini mbele ya nyumba maana yake ni nini. Nilisimamisha gari mbali kidogo. Mzee hakushuka. Nikachukua sanduku nikaenda peke yangu, na watu wale wakageuka kunitazama, na ndipo nilipoona kwamba wengi wao wamejifunika mablanketi mchana, na wanatetemeka. Hawakuwa waombolezaji. Walisikia, sijui vipi, kwamba mke wa mwalimu yuko njiani na dawa.

Alikuwa hai. Nilimkuta kwenye mkeka, midomo imepasuka, macho nusu wazi hayaoni, lakini kifua kinapanda na kushuka. Nilimwita, hakunijua. Nikasikia fimbo mlangoni: Mzee alikuwa amefika, amesimama, hataki kuingia mpaka nimwambie.

"Ingia, Aabo. Anapumua."

Akaingia akakaa kichwani kwa mwanawe, akaanza kusoma.

Niliukosa mshipa mara mbili. Nilipoupata, hapakuwa na msumari ukutani wala mti wa kutundikia chupa. Mwanamke mmoja aliyekuwa kimya pembeni akainuka akaishika, akainyanyua juu ya kichwa chake. Alikuwa Deeqa, mpishi wa shule. Yeye ndiye aliyekuwa akimtia mume wangu maji mdomoni kwa kijiko siku zote zile.

Nikatoka nje kuwashughulikia wengine. Dawa niliyoichukua kwa mtu mmoja nikaigawa kadiri ilivyowezekana, watoto kwanza, kila mara nikirudi ndani kumtazama wangu. Kila nilipoingia nilimkuta Deeqa amesimama vilevile, mkono juu. Nikaona kidole chake kimekuwa cheupe. Nikamwambia akae, nitamtafuta mtu mwingine ashike.

Akatikisa kichwa. Mmoja wa wanawake waliokuwa nje ndiye aliyeniambia: Deeqa alimzika bintiye juzi. Homa hiyo hiyo.

Nikarudi ndani. Nikasimama mbele yake, nikashika chupa ili nimpokee. Hakuiachia.

"Sista, wacha," akasema. "Nikishusha huu mkono nitaanza kulia. Wacha nishike."

Nikamwacha. Alishika ile chupa, nikambadilishia nyingine, akaishika nayo. Ilikuwa baada ya alasiri Abdirashid alipogeuza kichwa, akamtazama baba yake kwa muda mrefu, kisha akaniona mimi, na kwa sauti isiyofika popote akaniita jina langu. Mzee Nuur akainama mpaka paji lake likagusa mkeka.

Deeqa alisubiri mpaka nikachomoa sindano na kufunga bandeji. Kisha akashusha mkono.